Malengo ya somo yanayogoma kwenye fani za afya: dalili, chanzo na dawa

Hii ni kwa wakufunzi wa vyuo vya afya, madaktari wanaofundisha wadini, wakunga wanaopokea wanafunzi kila rotesheni, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa moduli akaambiwa "andika malengo, yawe ya umahiri" alafu aliyemwambia akaondoka zake. Sitaanza na nadharia, naanza na malalamiko, maana huko ndo wote tunakoingilia: mwanafunzi kafaulu ila kazi haiwezi, wasahihishaji wawili wametoa maksi mbili za mbingu na ardhi, logibuku (daftari la kuandikia kazi alizofanya mwanafunzi) imejaa saini na hakuna anayekumbuka alisaini lini, au darasa zima linauliza "tichaa, hii itatoka?" kwa sababu malengo uliyowabandikia ukutani hayawaambii kitu. Ukifuatilia nyuma mara nyingi unakuta shida imeanzia kwenye ule mstari mmoja wa juu kwenye andalio la somo, ule ambao wengi tunauandika mwisho kabisa ili mkaguzi akija akute pamejazwa.

Mimi naamini hivi, na yote ya chini yanatokana na hapa: lengo la kujifunza anaandikiwa yule mtu atakayesimama pembeni ya mwanafunzi akimwangalia anafanya. Kama huyo mtu akilisoma bado hajui aangalie nini, lengo ni pambo.

Kabla hatujaendelea, ujue kipi kiko mikononi mwako. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, walihamia mitaala ya umahiri (inayoangalia mwanafunzi anaweza kufanya nini) mwaka 2011, na vyuo vya kati chini ya NACTVET (zamani NACTE), baraza la elimu ya ufundi, viko kwenye mfumo wa NTA, yaani ngazi za tuzo za ufundi, tabibu anapanda ngazi ya 4 mpaka ya 6. Kule juu kuna matokeo makuu ya kozi, hayo yanashuka yakiwa yameshapitishwa na we huwezi kuyagusa, kwaiyo usipoteze jioni zako kuyalalamikia. Malengo ya kipindi, ya rotesheni, na fomu ya kutathmini, hayo ndo yako. Na mifano naiandika kwa Kiswahili japo makaratasi yetu yote ni ya Kiingereza, ukirudi ofisini utaigeuza.

Kipimo cha haraka kabla ya kutibu chochote

Chukua lengo lako moja, mpe mwenzako ambaye hafundishi moduli hiyo. Mwambie: kesho saa tatu asubuhi una mwanafunzi mmoja na dakika 10, umtathmini kwa lengo hili tu. Utamwambia afanye nini na utajuaje kafaulu? Akijibu moja kwa moja bila kukuuliza swali, lengo lako liko sawa, achana nalo. Akianza na "inategemea", au akikuuliza "kwa mgonjwa au kwa maneno?", shuka chini utafute dalili inayofanana na yako. Lengo moja linaweza kuwa na dalili tatu kwa mpigo, usishangae.

Dalili: darasani anajibu vizuri, ukimpeleka wadini anaduwaa

Angalia kitenzi. "Mwanafunzi aelewe shinikizo la juu la damu." "Afahamu malaria kali." "Atambue umuhimu wa kunawa mikono." Kuelewa kunafanyika kichwani mwa mtu na humo huwezi kuchungulia, kwaiyo siku ya mtihani unachobaki nacho ni kumuuliza maswali ya maneno, anajibu maneno, unampa maksi za maneno.

Chanzo chake mara nyingi ni kwamba mtu kaandika malengo huku kafungua slaidi. Kila kichwa cha slaidi kinageuka lengo: maana, visababishi, dalili, vipimo, matibabu, tayari malengo matano, moduli imeisha na chai haijapoa. Hayo ni orodha ya mada, na orodha ya mada ina kazi yake, ila mkunga wa zamu hawezi kumtathmini mtu kwa orodha ya mada.

Dawa: funga slaidi, waza mgonjwa mmoja na kazi moja. Mama wa miaka hamsini na kitu kaja OPD (idara ya wagonjwa wa nje), kichwa kinamuuma, mwanafunzi wako yuko naye na mashine ya presha. Utamwona akifanya nini? Atamkalisha apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini haijapishana, mkono hauna nguo na uko usawa wa moyo, kachagua mkanda unaotosha mkono (mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo, na kwenye vituo vingi mkanda uliopo ni mmoja tu, hapo ndo utaona nani anajua anachofanya), na wakati anapima hapigi stori na mgonjwa. Ukishayaona hayo kichwani lengo linajiandika lenyewe: "Akiwa na mgonjwa mtu mzima OPD, mwanafunzi apime presha mara mbili kwa kufuata hatua za cheklisti na aandike namba zote mbili kwenye faili."

Sasa kuna dawa nusu inazunguka na inabidi niiseme. Zile orodha za vitenzi zinazotokana na ngazi za kujifunza za Benjamin Bloom, za mwaka 1956 na zile zilizorekebishwa 2001, utazikuta zimebandikwa kila ofisi ya wakufunzi. Mtu anatoa "aelewe" anaweka "aeleze", anatoa "afahamu" anaweka "ataje", anahisi katibu. Hajatibu kitu, kabadilisha lebo ya chupa. Kitenzi kizuri ni kile ambacho mtu wa kazi hiyo anakifanya kweli kazini. Na saa ingine "aeleze" ndo kazi yenyewe kabisa: "Amweleze mama jinsi ya kumpa mtoto ALu (dawa ya malaria) nyumbani, dozi 6 kwa siku 3, ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, ampe pamoja na chakula au maziwa, alafu amwombe mama arudie kwa maneno yake mwenyewe." Hapo kueleza ni tiba, na ukiwa umekaa pembeni unasikia kabisa kama mama kaelewa au kaitikia tu ili aondoke.

Dalili: kwenye mdoli wa mazoezi ni bingwa, leba (wodi ya kujifungulia) ni mtu mwingine

Hii ndo ngumu kuliko zote na ndo naona watu wanaikwepa, kwaiyo nitakaa hapa kidogo.

George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alichora piramidi ya ghorofa nne: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua inavyofanyika, juu yake anaonyesha, kileleni anafanya kazini pale ambapo hakuna mtihani. Malengo yetu mengi yanaishi ghorofa ya kwanza na mitihani ya stadi, zile OSCE za vituo na kengele alizoanzisha Ronald Harden kule Dundee miaka ya 70, inafika ghorofa ya tatu. Ya nne tunamwachia Mungu na muuguzi wa zamu.

Chukua mtoto aliyezaliwa hapumui. Lengo moja, ghorofa nne. "Ataje hatua za kumsaidia mtoto asiyepumua" ni ya kwanza, anakariri usiku anakuja kuzimwaga. Ya pili, unampa kisa, mtoto kazaliwa, kakaushwa, kasuguliwa mgongo, bado kimya, na dawa ya mama ya kuzuia damu haijachomwa, unamuuliza anaanza na nini na nani anamwita. Ya tatu: "Kwenye mdoli, aanze kumpa hewa kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa) na maski ndani ya dakika 1 tangu kuzaliwa, kila pumzi kifua kipande." Ya nne ni hiyo hiyo ila ni leba, saa nane usiku, maski sahihi iko kabatini na funguo za kabati kaenda nazo mtu.

Ukitaka ushahidi kwamba ya tatu na ya nne ni vitu viwili, upo hapa hapa nyumbani. Programu ya Helping Babies Breathe, ya kufundisha kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, ilizinduliwa 2010, na Hospitali ya Haydom kule Manyara walifuatilia kwa karibu nini kinatokea baada ya mafunzo ya siku moja. Watu walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, hilo halina ubishi, lakini leba kwenyewe jinsi walivyowahudumia watoto haikubadilika ipasavyo. Baadaye wakabadilisha mbinu, mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara pale pale leba, mdoli ukiwa karibu na meza ya mtoto, na hapo vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka. Mafunzo ni yale yale, mdoli ni ule ule.

Kwaiyo dawa yake kwa mwandishi wa malengo ni hii. Chagua ghorofa kwa makusudi na uiandike ndani ya lengo, usiiache msomaji akisie. Kama ni ya tatu sema wazi "kwenye mdoli". Usione aibu. Kifafa cha mimba kwa mfano hauwezi kukisubiri kitokee ili umtathmini mwanafunzi, na hata kikitokea hakuna atakayekuachia nafasi ya kujaza fomu, kwaiyo mdoli au kisa cha kuigiza ni sawa kabisa, ila maneno "kwenye mdoli" yawepo ili mganga mfawidhi atakayempokea asidhani huyu kijana ameshafanya kwa mtu. Na kama ni ya nne, andika wapi, zamu gani, chini ya nani, na irudiwe mara ngapi baada ya kufaulu mara ya kwanza, maana umahiri wa ambu unapotea haraka kwa mtu asiyeugusa.

Na sio kila kitu lazima kifike kileleni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kubaki ghorofa ya pili kwenye mambo mengi ni halali. Shida ni pale cheti kinaposema ghorofa ya nne na lengo lilikuwa la kwanza.

Dalili: wasahihishaji wawili, mwanafunzi mmoja, maksi 45 na 80

Robert Mager, mwandishi wa kitabu cha kuandika malengo, mwaka 1962 alishasema lengo lina vipande vitatu: tendo, mazingira, na kigezo cha kufaulu. Cha tatu ndo kinachopotea kila mara, na sababu naijua, kuandika kigezo kunalazimisha idara nzima ikae chini ikubaliane, na kukubaliana ni kazi. Badala yake tunaweka "vizuri", "ipasavyo", "kwa usahihi", "kwa ufanisi". Pitia malengo yako utafute hayo maneno manne. Kila unapolikuta jua hapo kuna mkutano ulikimbiwa.

Mfano wa karibu. "Ahesabu upumuaji wa mtoto kwa usahihi." Mkufunzi mmoja anaridhika mwanafunzi akihesabu sekunde 30 akazidisha mara mbili, mwingine anataka dakika nzima, wa tatu haangalii saa kabisa anaangalia kama mwanafunzi ana heshima. Kwa mtoto hiyo nusu dakika ni hatari, anavuta pumzi hovyo hovyo, anasita, anashtuka, na ukizidisha kosa mara mbili linakuwa kosa mara mbili. Sasa liandike hivi: "Kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 aliyetulia, mwanafunzi afunue tumbo na kifua, ahesabu pumzi kwa dakika 1 nzima, namba yake isipishane kwa zaidi ya 3 na ya mkufunzi aliyehesabu wakati huo huo, na aseme kama ni kupumua haraka (50 au zaidi kwa mwenye umri chini ya miezi 12, 40 au zaidi kuanzia miezi 12)." Hiyo 3 ni ya kukubaliana, mkitaka iwe 2 iwe 2, cha maana ni kwamba mmekubaliana kabla mwanafunzi hajaingia. Na neno "aliyetulia" halijawekwa kwa urembo: mwanafunzi anayehesabu pumzi za mtoto anayelia huyo hajafaulu hata namba ikilingana, alitakiwa kumwambia mama amnyonyeshe kwanza au amsubiri.

Alafu kuna mtego wa asilimia. Watu wakisikia kigezo wanakimbilia "afanye asilimia 80 ya hatua za cheklisti". Haya, cheklisti ya kumwekea mgonjwa damu ina hatua 10, kijana kafanya 8, mbili alizoruka ni kuuliza jina la mgonjwa na kulinganisha kundi la damu kwenye chupa na kwenye fomu. Asilimia 80, kafaulu, na mgonjwa yuko hatarini. Tenga hatua za lazima, ziwekee nyota kwenye fomu, na uandike kwenye lengo kwamba akiruka yoyote yenye nyota anarudia hata kama zingine zote kazipata. Zisiwe nyingi. Ukiweka nyota kila mahali umerudi ulikotoka.

Dalili: lengo moja, "na" tatu

"Achukue historia na ampime na amtibu mgonjwa wa nimonia na atoe elimu ya afya." Historia kachukua safi, dozi kakosea. Kafaulu au kafeli? Hakuna jibu, kwaiyo msahihishaji anatafuta wastani wa hisia zake. Katakata: kila kinachoweza kufeli peke yake kipate mstari wake.

Dalili: moduli ya wiki chache ina malengo 70, hakuna mtu anayeyasoma

Huu ni ugonjwa wa upande wa pili na mara nyingi unasababishwa na dawa ya hapo juu ikizidishwa dozi. Mtu kakatakata mpaka "ashike sindano", "atoe kifuniko cha sindano". Mwanafunzi anapata tiki 70 na bado humwamini na mgonjwa, kwa sababu kazi ya kweli ni kuunganisha vile vipande huku simu inaita na ndugu wa mgonjwa wanne wanauliza maswali.

Mholanzi Olle ten Cate mwaka 2005 alileta wazo ambalo mi naona ndo limeokoa wengi, EPA wanaziita, yaani kazi nzima nzima ambayo unaweza kumkabidhi mtu. Swali linageuka kutoka "amefanya hatua ngapi" kuwa "je kesho nimwachie hii kazi, na mimi nikae umbali gani?" Ngazi zake ni za kawaida kabisa, kila mtu wa wadini anazijua hata kama hajawahi kuzisoma: anaangalia tu, anafanya mi nikiwa chumba kile kile, anafanya mi niko karibu ananiita akikwama, anafanya peke yake, anawasimamia wengine.

Sasa hii inagongana vipi na kukatakata? Haigongani ukijua unaandika karatasi gani. Andalio la kipindi cha saa mbili, katakata, maana unafundisha kipande. Fomu ya mwisho wa rotesheni, andika kazi nzima na ngazi ya usimamizi: "Amzalishe mama asiye na matatizo, kuanzia kumpokea mpaka saa 2 baada ya kujifungua, mkunga akiwa karibu ila hamshiki mkono." Rotesheni moja ikiwa na kazi nzima tano sita za namna hii inatosha sana, na chini ya kila moja unaning'iniza vile vipande vyako. Kipande kisichoning'inia kwenye kazi yoyote kitoe. Utashangaa vingapi vitaanguka, na wenye mada zao watakununia, wavumilie.

Dalili: "awe na maadili, huruma na mawasiliano mazuri"

Kila moduli ina huu mstari na hakuna aliyewahi kufeli kwa ajili yake. Wakanada kwenye mfumo wao wa CanMEDS wameweka mawasiliano, ushirikiano na weledi pamoja na utaalamu wa tiba, ni majukumu saba ya daktari na utaalamu ni moja tu kati yao, kwaiyo sio jambo la pembeni. Sisi tunaliweka pembeni kwa namna tunavyoliandika.

Uliza tena swali lile lile, utaona nini? Mwanafunzi anaingia wadini: je alimsalimia mgonjwa kabla ya kugusa faili, "shikamoo mama" kwa anayestahili shikamoo, alisema jina lake na kwamba yeye ni mwanafunzi, alivuta pazia kabla ya kufunua tumbo, aliomba ruhusa, alimwambia mgonjwa alichokiona kabla ya kuondoka au alimwambia daktari kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa alafu msafara ukasonga kitanda kinachofuata? Yote hayo yanaonekana na yanaandikika.

Ila kuna kikomo, nakubali. Huruma haikai yote kwenye cheklisti, mwanafunzi mjanja atavuta pazia kwa sababu wewe upo. Kwaiyo hapa usitegemee tathmini moja ya dakika 10. Andika lengo litathminiwe kwa wiki nzima na watu zaidi ya mmoja, muuguzi wa zamu ya usiku akiwemo, maana huyo ndo anayemwona mwanafunzi saa zile ambazo hakuna mwalimu. Na mrejesho wake uandikwe kwa tukio, "Jumanne alimwacha bibi kitanda cha 6 wazi wakati wa kumsafisha", sio "hana maadili".

Dalili: logibuku imejaa, mikono mitupu

"Aone wajawazito 20." "Ashuhudie upasuaji 10." Hesabu inasema mwanafunzi alikuwepo mahali, haisemi anaweza nini. Kuna atakayeweza kufunga kanula (mrija mdogo wa mshipani) mara ya tano na kuna atakayefika ya thelathini bado anatoboa mshipa upande wa pili. Hesabu ibaki kama kiwango cha chini cha mazoezi, ukiwa na baraza linaloidai huna ujanja, lakini lengo lenyewe liandikwe pembeni yake kwa ngazi ya kuaminiwa. Kwenye logibuku ongeza safu moja tu: "alifanya kwa usimamizi gani". Na saini iwekwe siku hiyo hiyo. Ile foleni ya Ijumaa ya mwisho wa rotesheni, wanafunzi wamepanga logibuku juu ya meza ya mkuu wa wadi kama vyeti vya mahafali, hakuna lengo duniani litakalopona pale.

Dalili: lengo limenyooka, vifaa hamna

Umeandika "atumie ultrasaundi kupima umri wa mimba" na mashine ni moja, iko chumba cha daktari, imefunikwa kitambaa. Au umeandika mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na vipimo vimeisha tangu mwezi uliopita. Chanzo ni kunakili malengo kutoka chuo cha nchi nyingine, au kutoka hospitali ya rufaa kupeleka kituo cha afya, bila kugusa kipande cha mazingira. Tembelea kituo kabla hujaandika, au mpigie simu mtu aliyepo pale. Alafu andika mazingira ya kweli: "kwa futikamba na tarehe ya hedhi ya mwisho". Kupima kimo cha mfuko wa uzazi kwa futikamba sio umahiri wa daraja la pili, kijana atakayepangiwa zahanati ndo atakachokitumia. Kama kifaa kinakuja siku moja moja, andika malengo mawili, la siku kikiwepo na la siku kisipokuwepo, na la pili lijumuishe uamuzi wa rufaa.

Dalili: lengo linamhusu mwalimu

"Kuwapitisha wanafunzi kwenye matumizi ya patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa)." Hiyo ni ratiba yako. Anza na "mwanafunzi" kila mara, imeisha.

Dalili: malengo yote mazima, bado wanafunzi hawayafuati

Hapa angalia mtihani. Wanafunzi husoma kinachotoka, na hawana kosa. Chora safu tatu kwenye karatasi: lengo, limefundishwaje, linapimwaje. Ukikuta lengo linasema "afunge kanula", limefundishwa kwa slaidi, linapimwa kwa maswali ya kuchagua A mpaka E, basi mstari wa juu hauna ugonjwa, ugonjwa uko safu ya pili na ya tatu, na hata uandike lengo la dhahabu mwanafunzi atakariri majibu ya A mpaka E ili asikose, maana anayeogopa kusapu (kurudia mtihani) haangalii lengo. Badilisha kipimo kwanza. Kama idara haina muda wa OSCE kila muhula, chukua malengo machache yenye hatari kubwa, damu, mtoto asiyepumua, dozi za watoto, uyapime kwa kuangalia kwa macho, na mengine yabaki kwenye karatasi kama zamani.

Ukikuta safu zote tatu zinakubaliana na bado mambo hayaendi, acha kuhariri malengo. Nenda wadini saa ya raundi uangalie kama kuna mtu yeyote anayewaangalia wanafunzi wakifanya. Mara nyingi hakuna, mtu mmoja ana wanafunzi arobaini na wagonjwa sitini, na hilo ni la kupeleka kwenye kikao cha chuo na hospitali kwa barua, ukiambatanisha ile karatasi yako ya safu tatu.